Kisanduku Kilichodhaniwa Kufunga Mvua

Kisanduku cheupe kilicho kando ya bwawa la mwisho kinahitaji rangi mpya kabla ya kiangazi kuanza. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda mkachoka kusoma kabla ya kufika mwisho, na afadhali mkose mengine yote kuliko hilo. Rangi ikibabuka, mbao hunyonya jua, na vipimajoto vilivyomo ndani vitawapa habari za mbao badala ya habari za hewa.

Nilistaafu mwezi uliopita. Ninyi mlioshika kazi yangu mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya kupima hali ya hewa ilivyokuwa hapa kiwanda cha chumvi Marereni tangu nilipoikuta. Vyeo sitavieleza, kwa kuwa nilikuwa na kimoja tu. Mshahara sitautaja, kwa kuwa mnaujua.

Nilizaliwa Kaloleni, kwenye vilima vya minazi, nikasoma shule ya misheni hadi nilipoishia. Nilikuja Marereni kubeba chumvi kama watu wengine. Kila asubuhi, nikiwa na karai kichwani, nilimwona mtu mfupi mwenye kofia ya viua, ile iliyodariziwa, akifungua kisanduku chenye miguu, akichungulia, akiandika, akifunga, kisha akiinama juu ya beseni la maji lililo wazi na kulitazama kwa makini kama mtu anayetafuta pete. Huyo alikuwa Mzee Athumani, mwenyeji wa Mambrui. Siku moja nilitua karai nikamwuliza anatafuta nini.

"Maji yaliyokwenda," akasema.

Kwa kazi yetu jibu lile ni sahihi kabisa. Beseni hutuonyesha jua na upepo vimenyonya maji kiasi gani, na chumvi ni kile kinachobaki maji yakishakwenda. Lakini mimi sikujua hayo. Nilirudi kesho yake kuuliza tena, na kesho kutwa, mpaka akachoka kujibu akamwomba msimamizi anipe kazi ya kumsaidia.

Asubuhi yangu ya kwanza nilisogeza uso karibu na kipimajoto ili nisikosee mstari. Mzee Athumani alinivuta shati kwa nyuma.

"Unakipumulia, bwana. Hilo utakaloandika si joto la Marereni, ni joto la chai uliyokunywa."

Shikeni pumzi, someni upesi, anzeni na tarakimu ndogo kabla haijabadilika. Jicho liwe sawa na mstari, si juu yake wala chini yake. Kwa kipimamvua, hakikisheni kila asubuhi kwamba hakuna jani wala mjusi mdomoni mwake. Na beseni lizungushieni uzio. Sisi hatukuwa na uzio mwanzoni, na siku moja mbuzi wa jirani walikunywa karibu nusu ya maji. Nilimwuliza Mzee Athumani tuandike nini.

"Andika mbuzi," akasema.

Tuliandika mbuzi.

Yeye hakusoma sayansi, lakini alikuwa na namna yake ya kufundisha. Saa za adhuhuri alinichuchumalisha ukingoni mwa bwawa, mkono mmoja nikauweka mchangani na mwingine majini. Wa mchangani niliuondoa mara moja. "Umeona?" akasema. "Nchi kavu ina hasira za haraka. Bahari haina haraka." Sehemu iliyobaki niliipata katika kitabu cha fizikia nilichokinunua sokoni Malindi, kimekosa jalada na kurasa za mwanzo. Nilikisoma mpaka mwisho, pamoja na sura ndefu ya theluji, ambayo hadi leo sijapata nafasi ya kuitumia.

Jambo lenyewe ni hili. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini, iliyo baridi zaidi, huingia kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa bahari mnaousikia kila siku ya kiangazi kabla ya adhuhuri. Huja na mvuke, lakini mvuke haugeuki wingu mpaka usukumwe juu ukapoe, na hapa pwani hakuna wa kuusukuma. Unapita juu ya mabwawa yetu bila kuonekana. Ukifika bara, ukikutana na hewa ya moto inayopanda, hapo ndipo hujipanga mawingu. Tazameni magharibi alasiri yoyote ya kiangazi, mtaona safu yake imenyooka, na juu ya chumvi anga limefagiwa. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kwanza, na mawingu hukaa baharini mpaka alfajiri. Ndiyo sababu ya vile vinyunyu vya asubuhi vinavyokuja bila kubisha hodi na kukoma kabla ya chai.

Kuhusu umande tulibishana sana. Mzee Athumani aliamini huanguka kutoka juu. Kitabu kilisema hewa ikigusa kitu kilichopoa usiku, mvuke wake hushikamana nacho. Tuliacha sahani ya bati juu ya vigingi, imelala wazi, na asubuhi tukaikuta imelowa juu, na upande wa chini pia imelowa. Aliigeuza mara kadhaa.

"Hata chini?"

"Hata chini, Mzee."

"Basi miaka yote hii nimewadanganya watu msikitini," akasema, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Alipostaafu akarudi Mambrui, aliichukua sahani ile. Alisema ni shahidi wake.

Baada yake nilifanya kazi peke yangu kwa miaka mingi. Watu wa chumvi waliniita Bwana Upepo. Aliyelianzisha jina hilo alikuwa Kadzo, mwanamke wa nyumba za magharibi ya barabara, mkwanguaji wa chumvi aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko mkono wake, na mkono wake haukuwa mzito. Adhuhuri za kiangazi, bwawa lililokauka likipata moto kupita sehemu zilizolizunguka, hewa hupanda kwa ghafla ikizunguka na kubeba vumbi jeupe: kisulisuli. Wengine waliweka vikapu chini wakakipisha, wakisema ni jini. Kadzo alikikemea. "Pita, pita zako! Hapa hatuna chako, tuna chumvi tu!" Nacho kilipita, kwa sababu visulisuli havidumu. Sikumwambia hivyo.

Katikati ya miaka ya themanini ilipita misimu miwili mibaya, mmoja nyuma ya mwingine. Kwetu chumvi ilikuwa nyingi na safi. Upande wa pili wa barabara mahindi yalikufa yakiwa magotini. Hapo ndipo maneno yalipoanza kwamba kiwanda kimefunga mvua ili chumvi ikauke.

Msiharakishe kucheka. Macho ya watu wale yaliona sawasawa. Waliona anga letu halina wingu na mawingu yamerundikana mbali, kana kwamba kuna mtu aliyeyasukuma kutoka kwetu. Waliona, kando ya bwawa, kisanduku cheupe kilichosimama kwa miguu minne, kina kufuli, na mtu mmoja anayekifungua kila asubuhi bila kusema, akashika pumzi, akakifunga tena. Kama ningekuwa mkulima, ningeamini kabla yao.

Asubuhi moja Kadzo alikuja na mwanamke mzee, mwembamba, aliyejifunga leso mbili na kumbana kuku kwapani.

"Bwana Upepo, nimekuletea mgeni. Huyu ni mama mkwe. Haumi, ila mimi tu."

"Nyamaza, mwanangu, watu wazima waongee," mzee akasema. Aliitwa Sidi. Nilimsalimu kwa Kigiriama, nikamwita mayo, yaani mama, na alipojua kuwa mimi ni mtoto wa Kaloleni uso wake ulilainika kidogo.

"Kuku ni wa nini, mayo?"

"Wa kufungulia."

Sikumwelewa upesi. Akanieleza kwa upole, kama anayemwomba mtoto arudishe kitu alichochukua bila kujua thamani yake. Alijua mimi ni mwajiriwa, hakunilaumu. Hakutaka nifungue mvua yote, maana alijua Kadzo na wenzake wanahitaji jua. Alitaka nifungue kidogo, ya shamba lake na ya jirani mmoja au wawili. Alikuwa na mbegu ya kupanda mara moja tu, mahindi aliyoyaning'iniza juu ya meko yasiliwe na wadudu. Mwanawe, mume wa Kadzo, alikuwa Mombasa na hakuonekana. Ikipandwa ile na kufa, hapakuwa na nyingine.

Kanuni ya kiwanda ilisema asiyehusika asikaribie vipimo. Nilitoa ufunguo, nikafungua mlango wa kisanduku, nikamwambia achungulie.

Alichungulia muda mrefu.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mayo."

"Mbona huyu mmemvisha nguo na mwenzake yuko uchi?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kile kisanduku. Kipimajoto kimoja huvikwa kitambaa ambacho mguu wake umo ndani ya maji. Nikamwambia: ukitoka kuoga upepo ukakupiga, unasikia baridi, kwa sababu maji yanaondoka mwilini. Hewa ikiwa kavu, maji huondoka upesi, na huyu aliyevaa husikia baridi sana kuliko mwenzake. Hewa ikijaa mvuke, maji hayana pa kwenda, na wote wawili huwa sawa. Wakikaribiana, hewa ina maji. Wakiachana, ni kavu.

"Na leo?"

"Leo wameachana mbali."

"Kama Kadzo na mwanangu."

"Mama!" Kadzo akasema.

Mzee akacheka, lakini kicheko hakikudumu. Alirudi nyuma hatua moja akakitazama kisanduku, kisha mabwawa, kisha anga.

"Kwa hiyo mnaitazama tu. Hamna mnachoshika."

"Hatuna."

"Afadhali mngekuwa mmeifunga," akasema taratibu. "Ningejua ni nani wa kumwomba."

Nilikuwa nimemwonyesha ukweli nikidhani nampa kitu. Nilimwambia tu kwamba siku ya mvua siwezi kuijua, ila dalili za msimu nitazitazama kila siku kwa niaba yake, na Kadzo atampelekea habari. Akakubali kwa kichwa. Kuku, msije mkauliza, alirudi nyumbani akiwa hai.

Kuanzia hapo kila jioni Kadzo alipita kwangu akiwa na vumbi la chumvi mpaka kwenye nyusi. "Mimi unanipa jua, mama unamtafutia mvua. Tukigombana ndani ya nyumba tutakuita uamue." Kiangazi kiliendelea kama viangazi vinavyoendelea: kaskazi ikivuma, wale wawili wa kisanduku wakiwa wameachana, chumvi ikiganda upesi.

Kilipokaribia kwisha, alasiri moja mawingu ya bara yalipanda juu kuliko kawaida. Kukiwa na joto la siku nyingi na mvuke wa kutosha, wingu huweza kupanda mpaka kichwa chake kikapanuka kama nyundo, na ndani yake matone na chembe za barafu hupandishwa na kushushwa zikigongana mpaka umeme utoke. Ngurumo ilisikika mpaka kwetu. Kipimamvua changu kilipata matone ya kulowesha chini tu, lakini magharibi ya barabara ilinyesha kweli, mashamba yakalowa.

Kesho yake Kadzo alikuja mbio, hana hata kikapu.

"Watu wote wamo shambani. Mama ameshateremsha mbegu, iko kwenye ungo hapo mlangoni. Anauliza: apande?"

Nilikwenda kwenye mshale wa upepo. Ulielekea kaskazini mashariki, kama jana na juzi. Nikafungua kisanduku: asubuhi wale wawili walikuwa wamesogeleana, sasa walikuwa wameanza kuachana tena.

"Mwambie mvua ile ilitengenezwa na jua la siku ile, si mvua ya msimu. Mvua ya msimu huja upepo ukigeuka kuwa kusi. Bado haujageuka. Mimi nisingepanda."

"Nisingepanda, au asipande?"

"Nisingepanda."

"Wewe huna shamba," Kadzo akasema.

Alikuwa sahihi, na sikuweza kuliacha neno lile likae hivyo. Kazi ilipokwisha nilivuka barabara nikaenda mwenyewe. Mashamba yote yalikuwa na watu, majembe yakipanda na kushuka, wanawake wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Mzee Sidi alikuwa amekaa kizingitini na ungo mapajani. Nilikaa chini mbele yake nikamrudia yote, polepole, nilichoona na nilichokisia, kila kimoja kwa jina lake.

"Wenzangu wamepanda," akasema.

"Nimewaona, mayo."

"Kama wao ndio wamepatia?"

"Basi nitakuwa nimekuharibia msimu."

Alichezea punje kwa vidole. Kisha akainuka, akaingia ndani, na nilimsikia akikohoa moshi alipokuwa akizirudisha juu ya meko.

Mahindi ya majirani yalichipua vizuri. Kutoka juu ya tuta la bwawa niliweza kuyaona, kijani chepesi kwenye mistari, na katikati yake shamba moja jekundu, tupu. Kadzo aliacha mizaha. Alisema mama mkwe haongei, anashinda mlangoni akitazama kijani cha wenzake, na watu wanasema chumvi imemla akili. Nami nikaanza kwenda kwenye mshale wa upepo saa zisizo za kazi. Niliusihi ugeuke. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilitamani kipimo kionyeshe kitu fulani, na nawaonya juu ya hilo: jicho linalotamani husoma mstari wa juu au wa chini, halisomi pale kipimo kilipo. Nilikuwa nasoma mara mbili, na mara ya pili nilijifanya ni mtu mwingine.

Jua halikurudi kwa hasira, liliendelea tu. Majani yalijikunja, yakageuka manjano, kisha rangi ya karatasi. Si yote. Yale ya bondeni, kwenye udongo ulioshika maji, yalistahimili, na waliopanda pale hawakukosea, mkumbuke hilo mkija kutoa ushauri. Lakini ya majirani wa Mzee Sidi yalikwisha. Nilipata nilichokisema na sikusikia raha yoyote. Nilikuwa nawafahamu kwa majina watu waliokuwa wakiyang'oa.

Kisha upepo ulikatika. Kwa siku kadhaa mshale ulitangatanga, na bendera ya langoni ilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Asubuhi moja niliukuta umeelekea kusini, na jioni bado uko kusini, na kesho yake pia. Mawingu ya chini yalikuja kutoka baharini mchana kutwa bila kupanga safu. Nikafungua kisanduku: yule aliyevaa na yule aliye uchi walikuwa karibu kugusana.

Nilimwambia msimamizi chumvi ikwanguliwe yote leo, hata ile nyembamba. Hakubisha. Watu wote waliingia mabwawani, na kufikia alasiri marundo yalikuwa yamefunikwa makuti. Kadzo alikwangua karibu nami, akitupa jicho angani kila mara. Hakunisogelea mpaka rundo lake la mwisho lilipofunikwa.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa."

Alitupa reki pale pale. Alipanda tuta, akapandisha leso magotini, akakimbia kuelekea barabarani.

Ilianza kunyesha kabla ya mapambazuko, mvua ya kutulia, isiyo na ngurumo. Nilipima, nikaandika, nikamwomba msimamizi ruhusa, nikavuka barabara. Nilitazamia kumkuta Mzee Sidi na Kadzo peke yao. Nilikuta shamba limejaa watu, jembe kwa jembe, kazi ya ushirika wanayoiita mweria. Walikuwa wale majirani ambao mimea yao ilikufa. Wangemaliza hapa na kwenda kwa mmoja wao, kisha kwa mwingine. Mzee Sidi alipita katikati yao akiwamiminia mbegu kutoka kwenye ungo, mbegu ya shamba lake na ya mashamba yao.

Nilimsogelea. "Mayo, itakutosha?"

"Haitoshi. Langu litapandwa nusu."

"Na msimu wote uliosubiri?"

Alinitazama kama mtu anayetazama chombo kisichosoma vizuri. "Ulitaka nivune peke yangu hapa katikati? Si ningekuwa mlinzi wa mahindi, usiku na mchana, na rungu mkononi? Shika jembe."

"Bwana Upepo hajui jembe!" Kadzo alipaza sauti kutoka mstari wa pili, na shamba zima likacheka. "Mpeni karai!"

Nilishika jembe. Miaka ya kushika kalamu ilikuwa imelainisha viganja vyangu, na mashimo yangu ya kwanza yalipinda. Mzee Sidi alinifuata nyuma akirekebisha kwa mguu. Tulipofika mwisho wa mstari alisimama, maji yakimtiririka usoni, akainua macho.

"Sasa niambie, wewe unayetazama. Itakaa mpaka yakomae?"

Nilitazama kusini. Mawingu yalikuwa yanakuja, ya kijivu, ya chini, hayana mwisho ninaouona.

"Sijui, mayo."

Alichota punje kwenye ungo, akanifungua kiganja, akazitia humo, akanifunga vidole juu yake.

"Haya," akasema. "Fukia vizuri."